Jinsi ya Kuchambua Mizani, Vina na Muundo wa Shairi Hatua kwa Hatua, Bila Kubahatisha

Kosa ni lilelile kila siku. Mtu anapewa shairi, anaulizwa achambue umbo lake, anaandika "shairi hili lina urari wa vina na mizani" alafu anaweka nukta anahamia swali lingine. Urari (ulinganifu) upi? Mizani (idadi ya silabi) ngapi? Vina (silabi za mwisho zinazofanana) gani? Hajasema, na ukimbana anakwambia ni tarbia kwasababu ina mistari minne, basi. Wengine wanahesabu kweli ila wanapata 15 kwenye mstari mmoja na 17 kwenye mwingine, wanaamua mshairi amekosea, kumbe wao ndo wamekosea kuhesabu "m".

Kwahiyo twende taratibu, tutafanya na shairi moja mwanzo mpaka mwisho ili uone kila kitu kinatoka wapi.

Vitu vya kuwa navyo

- Shairi lenyewe kwenye karatasi. Ukisomea kwenye simu, linakili kwa mkono, maana utachora sana juu yake.
- Penseli na kifutio. Peni acha kwanza, utafuta tu.
- Kalamu mbili za rangi tofauti kwa ajili ya vina.
- Karatasi nyingine tupu ya kuandikia hesabu.
- Vidole vyako. Sitanii, utaviona kazi yake mbele huko.
- Sehemu ambayo unaweza kusoma kwa sauti bila watu kukushangaa.

Shairi letu la mazoezi

Nimelitunga kwa ajili ya mwongozo huu na nimeweka mitego ndani kwa makusudi:

1.
Ulimi unapouma, jeraha lake ni kali,
Neno likishatuama, halifutwi kwa akili,
Mbele za watu kusema, kwanza ipime kauli,
Mja chunga ulimiwo, usije ukakuponza.

2.
Mpenda kuteta watu, jirani hamkubali,
Leo kasema na mtu, kesho kazua la pili,
Nchi nzima hana kitu, hana rafiki wa kweli,
Mja chunga ulimiwo, usije ukakuponza.

3.
Mimi hapa nakomea, sitaki kufika mbali,
Wosia nimeutoa, si tusi wala si swali,
Mwenye nia kupokea, autunze kila hali,
Mja chunga ulimiwo, usije ukakuponza.

Hatua ya 1: Lisome kwa sauti kabla hujashika penseli

Mara mbili inatosha. Ya kwanza soma kawaida tu, ya pili soma kama unaimba, yaani tua pale penye koma na ushushe sauti mwisho wa mstari. Sababu ni kwamba mizani na vina ni vitu vya sikio, na sikio litakwambia mapema sana wapi kuna mgongano hata kabla hujahesabu.

Ukifanya vizuri utajikuta unatua sehemu ileile katikati ya kila mstari, na mstari wa nne wa kila ubeti unautaja bila kuangalia.

Hatua ya 2: Hesabu beti, mishororo na vipande

Hii ni rahisi, ila ndo inayowachanganya wanaoanza kwasababu ya majina. Ubeti ni kile kifungu kizima. Mshororo ni mstari mmoja ndani ya ubeti. Kipande ni sehemu ya mshororo, na mara nyingi vipande vinatenganishwa na koma. Kipande cha kwanza kinaitwa ukwapi, cha pili utao, na kama kuna cha tatu ni mwandamo, cha nne ukingo. Mshororo wa kwanza wa ubeti unaitwa mwanzo, wa pili mloto.

Chora mstari wa wima penye koma kwenye kila mshororo.

Onyo moja: usiamini kila koma. Kuna koma nyingine ni za maana tu, mfano mtu anaorodhesha vitu vitatu ndani ya kipande kimoja. Kama hujui koma ni ya kipande au ya kawaida, angalia mishororo mingine inakatika wapi. Koma ya kipande iko sehemu moja shairi zima.

Kwetu sisi tunapata beti 3, kila ubeti mishororo 4, kila mshororo vipande 2. Iandike hiyo kwenye karatasi yako ya pembeni.

Hatua ya 3: Hesabu mizani (hapa ndo watu wanaangukia)

Mizani ni idadi ya silabi. Sio herufi, sio maneno. Silabi za Kiswahili nyingi zinaisha na irabu, kwahiyo njia ya haraka ni kuhesabu irabu: kila a, e, i, o, u ni silabi moja. "Jeraha" ina irabu tatu, silabi tatu, je-ra-ha. Ungekuwa mchezo umeishia hapo tungekuwa tumeshalala, lakini kuna mambo manne ya kuangalia.

*Irabu mbili zikifuatana ni silabi mbili.* "Kauli" ni ka-u-li, tatu. "Unapouma" ni u-na-po-u-ma, tano. Na hata zikikutana kwenye mpaka wa maneno usiziunganishe: "kwa akili" ni kwa-a-ki-li, nne, ingawa mdomo unataka kusema "kwakili". Mitego ya hivo iko mingi sana, soma polepole.

*W na y baada ya konsonanti haziongezi kitu.* "Kwa" ni moja, "mwe" ni moja, "twi" ya "halifutwi" ni moja, "swali" ni swa-li.

*M na n zinazosimama peke yake.* Hii ndo yenyewe. "Mtu" ina irabu moja ila ina silabi mbili, m-tu, kwasababu ile m inabeba mpigo wake mwenyewe. Ikifuatwa na konsonanti kama t, p, k, j, s, l na nyingine nyingi, ihesabu: m-pe-nda, m-ja, ha-m-ku-ba-li. Hata ikiwa katikati ya kitenzi inahesabiwa vilevile, ndo maana "hamkubali" ni silabi tano na sio nne.

Shida inakuja kwenye mb na mv. "Mbuzi" ni mbu-zi, mbili. "Mbuyu" ni m-bu-yu, tatu. Herufi zinafanana kabisa, utajuaje? Weka neno kwenye wingi. Mbuyu inakuwa mibuyu, m imebadilika, maana yake ilikuwa kiambishi, basi ihesabu. Mbuzi wingi wake ni mbuzi, m imeganda palepale, usiihesabu. Jaribu mvuvi: wavuvi, kwahiyo m-vu-vi. Mvua: mvua, kwahiyo mvu-a. Hata "mbaya" inabadilika kutegemea inaelezea nini, "mtu mbaya" ni m-ba-ya kwasababu wingi ni watu wabaya, lakini "habari mbaya" ni mba-ya kwasababu wingi haubadiliki. Maneno kama mbele na mbali hayana wingi, m imeganda, hesabu mbili tu. Ndani ya kitenzi, jiulize kama m inamtaja mtu anayetendwa: "alimbeba" ni a-li-m-be-ba, tano, lakini "aliimba" ni a-li-i-mba, nne.

Kwa n, kumbuka hivi: neno lenye irabu moja tu linaloanza na n iliyofuatwa na konsonanti, n inasimama yenyewe. N-chi, n-je, n-ne, n-zi, n-ta. Neno likiwa refu kidogo n inaganda, nzi-ma, nde-ge, ndu-gu. Angalia ubeti wa pili, "nchi nzima", nimeziweka pamoja makusudi: n-chi-nzi-ma. Ya kwanza inahesabiwa, ya pili haihesabiwi. Na usiivunje ny wala ng', hizo ni sauti moja. Mbwa na mbu nazo zina irabu moja, kwahiyo m-bwa, m-bu, mbili mbili.

*Konsonanti mbili kwenye maneno ya mkopo.* "Maktaba" kisarufi ni mak-ta-ba, tatu. Lakini baadhi ya washairi wanaisoma kwa kuipa ile k mpigo wake, inakuwa nne. Hapa usibishane na mtu, angalia vipande vingine vya shairi hilohilo. Vyote vikiwa 8 na hiki kinafika 8 ukihesabu nne, basi mshairi alihesabu nne.

Sasa vidole. Fungua mikono yote miwili, kunja vidole gumba viwili, umebaki na vidole vinane. Kipande cha mizani 8 kinaingia humo kikamilifu. Soma kipande kimoja, kila silabi gusa kidole kimoja mezani. Kidole kikibaki, kipande ni kifupi au umeruka silabi. Ukiishiwa vidole, kuna silabi umeipasua vibaya.

Ubeti wa kwanza ukipasuliwa unakaa hivi:

U-li-mi-u-na-po-u-ma (8), je-ra-ha-la-ke-ni-ka-li (8)
Ne-no-li-ki-sha-tu-a-ma (8), ha-li-fu-twi-kwa-a-ki-li (8)
Mbe-le-za-wa-tu-ku-se-ma (8), kwa-nza-i-pi-me-ka-u-li (8)
M-ja-chu-nga-u-li-mi-wo (8), u-si-je-u-ka-ku-po-nza (8)

Ubeti wa pili fanya mwenyewe kabla hujaendelea. Ukipata 7 kwenye "leo kasema na mtu", umesahau m ya mtu. Ukipata 7 kwenye "jirani hamkubali", tatizo ni lilelile. Ukipata 9 kwenye "nchi nzima hana kitu", umeipa nzima silabi tatu.

Na tafadhali usiishie ubeti wa kwanza ukaandika majibu ya shairi zima. Kuna washairi wanabadilisha mizani katikati kwa makusudi, na kuna aina za mashairi ambazo utamu wake wote uko kwenye mabadiliko hayo, hasa mshororo wa mwisho.

Hatua hii imefaulu pale unapoweza kuandika: mizani 8 ukwapi, 8 utao, jumla 16 kwa mshororo, beti zote. Kama kuna mshororo mmoja umekataa, hesabu tena mara mbili kabla hujamlaumu mshairi. Ukibaki umekataa, uandike kama ulivyo na useme uko ubeti wa ngapi, mshororo wa ngapi.

Hatua ya 4: Tafuta vina

Chukua zile kalamu za rangi. Zungushia silabi ya mwisho ya kila ukwapi kwa rangi moja, hivyo ni vina vya kati. Silabi ya mwisho ya kila utao kwa rangi ya pili, vina vya mwisho. Kisha viandike pembeni bila maneno mengine:

Ubeti 1: ma–li, ma–li, ma–li, wo–nza
Ubeti 2: tu–li, tu–li, tu–li, wo–nza
Ubeti 3: a–li, a–li, a–li, wo–nza

Ukiona hivi, muundo wa vina unajionyesha wenyewe, huna haja ya kukisia.

Kina ni silabi nzima, sio irabu ya mwisho tu. "Kusema" na "kupenda" zote zinaishia a lakini vina vyake ni ma na nda, havifanani. "Da" na "nda" pia sio kina kimoja, na "ya" na "mya" hivohivo. Kwa upande mwingine "kupokea" na "nimeutoa" zinafanana vina, kwasababu silabi ya mwisho kwenye zote mbili ni a peke yake (ke-a, to-a), isiyo na konsonanti mbele. Hapo wengi wanaandika kina ni "ea" alafu wanakwama kwenye "oa".

Hatua ya 5: Uchunguze mshororo wa mwisho

Linganisha mshororo wa mwisho wa kila ubeti. Ukirudiwa neno kwa neno ni kibwagizo, wengine wanasema kipokeo au kiitikio, chagua jina moja na ubaki nalo. Ukibadilika kila ubeti ni kimalizio au kiishio, usiuite kibwagizo. Shairi lenye kimalizio kinachobadilika, lisilo na kibwagizo, linaitwa sabilia.

La kwetu lina kibwagizo. Angalia pia kama ni kifupi kuliko mishororo mingine, mfano mingine ina mizani 16 na chenyewe kina 8, hapo tunapata msuko. Chetu kina 16, kwahiyo msuko hamna.

Hatua ya 6: Sasa ndo upachike majina

Watu wanaanza na hatua hii na ndo maana wanakosea. Majina ni matokeo ya hesabu, na shairi moja linaweza kubeba majina matatu au manne kwa wakati mmoja kwasababu kila jina linajibu swali lake.

*Mishororo mingapi kwa ubeti?* Miwili ni tathnia, mitatu tathlitha, minne tarbia, mitano takhmisa, sita tasdisa. Letu ni tarbia.

*Vipande vingapi kwa mshororo?* Kimoja ni utenzi, viwili mathnawi, vitatu ukawafi. Letu ni mathnawi.

*Vina vinatembeaje toka ubeti hadi ubeti?* Vya kati vikibaki vilevile shairi zima na vya mwisho navyo vikabaki vilevile, ni mtiririko. Upande mmoja ukibaki na mwingine ukibadilika, ni ukara. Pande zote zikibadilika kila ubeti, ni ukaraguni. Rudi kwenye ile orodha yetu: kati tuna ma, tu, a, vinabadilika. Mwisho tuna li, li, li. Ni ukara. Kibwagizo kina vina vyake wo na nza, hicho kinajirudia tu kwahiyo usikitumie kuamua, kitaje pembeni.

*Kuna mchezo wowote wa maneno?* Mishororo yote ikianza na neno moja lilelile ni kikwamba. Maneno ya mwisho ya ubeti yakianzisha ubeti unaofuata ni pindu, au mkufu. Shairi likichanganya bahari (aina za mashairi) zaidi ya moja ni sakarani. Letu halina hata kimoja, na kusema hakuna ni jibu halali, usilazimishe.

Sasa lile swali linalowatesa watu, tarbia na utenzi. Angalia ubeti huu:

Kaa chini ewe mwana
Usikize nikinena
Dunia yataka sana
Mwenye subira moyoni

Mishororo minne, ndio. Lakini kipande ni kimoja, mizani 8 tu, na vina ni na, na, na, ni. Kwenye utenzi kile kina cha mshororo wa nne (hapa ni "ni") ndicho kinachofunga kila ubeti mpaka shairi liishe, hata kama ni beti mia tano, wakati mitatu ya juu inabadilika. Kwahiyo ukiona minne usikimbilie kuandika tarbia na kufunga daftari, angalia vipande kwanza. Mwalimu mmoja anaweza kukubali "tarbia" kwa kigezo cha mishororo na mwingine akakukata, ila ukiandika "utenzi, wenye mishororo minne ya kipande kimoja" hakuna wa kukukata.

Hatua ya 7: Tafuta palipobanwa

Mizani na vina vina gharama, na gharama hiyo inalipwa na lugha. Hatua hii ndo inatenganisha uchambuzi na kuhesabu tu, na mi naipenda kuliko zote.

"Ulimiwo" ni ulimi wako. Kwa urefu wake ni u-li-mi-wa-ko, tano, na kipande kingefika 9. Mshairi kafupisha, tunaita inkisari. "Kasema" na "kazua" nazo zimeachwa a ya mwanzo kwa sababu hiyohiyo.

"Mbele za watu kusema" kwa kawaida ungesema kusema mbele za watu. Kimegeuzwa ili "kusema" ikae mwisho itoe kina cha ma. Hiyo ni kuboronga sarufi.

Vingine hutaviona humu ila utakutana navyo: mazida, yaani kurefusha neno lijaze mizani, kama enda kuwa enenda, na tabdila, kubadili sauti bila kugusa idadi ya silabi, kama kujua kuandikwa kujuwa ili kina kiwe wa badala ya a.

Njia ya kuvipata ni moja. Kila ukiona neno au mpangilio usio wa kawaida, urudishe kwenye ukawaida wake alafu hesabu upya. Mizani ikiharibika, ilikuwa ya mizani. Kina kikipotea, ilikuwa ya kina. Kama hakuna kilichoharibika basi mshairi alikuwa na sababu nyingine, labda lahaja yake, labda msisitizo, na hapo usiandike inkisari kwa kukariri.

Hatua ya 8: Andika kwa sentensi

Chukua karatasi ya pembeni ugeuze iwe aya. Kila dai liwe na ushahidi toka kwenye shairi. Mfano:

"Shairi lina beti tatu zenye mishororo minne kila mmoja, hivyo ni tarbia. Kila mshororo una vipande viwili (mathnawi) vyenye mizani 8 kila kimoja, jumla 16, na urari huu umedumu beti zote. Vina vya kati vinabadilika (ma, tu, a) wakati vya mwisho vimebaki li, hivyo ni ukara. Mshororo wa nne unarudiwa kama kibwagizo na una vina vyake, wo na nza. Ili kutunza mizani mshairi ametumia inkisari, mfano 'ulimiwo' badala ya 'ulimi wako', na ili kupata kina cha ma ameboronga sarufi katika 'mbele za watu kusema'."

Sentensi tano tu. Msomaji akiwa na shairi mkononi anaweza kukagua kila neno uliloandika, na hicho ndo kipimo chako.

Kama hesabu zote zimegoma

Inatokea umefika hatua ya 4 na hakuna kitu kinachofanana, mshororo mmoja una silabi 5 unaofuata una 19, vina hamna, beti hazilingani. Hiyo ni kawaida, umekutana na shairi huru, na usiandike kwamba "limekosa" vina na mizani kana kwamba mtunzi alisahau.

Badili maswali. Mistari inakatwa wapi na kwanini pale? Kuna neno limeachwa peke yake kwenye mstari? Kuna maneno au sentensi zinazorudiwa, na zinarudiwa sehemu gani? Mistari mifupi imekaa karibu na tukio gani? Hesabu bado unaifanya, ila unatafuta mahali ambapo urefu unabadilika ghafla, alafu unasoma maana ya pale. Ukiona mistari mitano mirefu kisha mmoja wa neno moja, anzia uchambuzi wako hapo.